Barua ya Wazi kwa Mhifadhi Mkuu wa Betri

Kwa: Uongozi Mkuu wa Shirika la Taifa la Umeme (SNEL), Kinshasa, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Kwa kupitia: ofisi za Shirika, Uvira, Kivu ya Kusini

Kuhusu: Shukrani za wenye kompyuta za mkononi wa Uvira na Rurambo, pamoja na ombi la dakika chache

Uongozi Mkuu wa Shirika la Taifa la Umeme unastahili heshima ambayo wanasayansi wa dunia hawajapata kuupa, na barua hii inakusudia kulipa deni hilo. Tangu Shirika lilipoundwa mwaka 1970, wateja wake wamekuwa wakilipima kwa kipimo kisicholistahili: wamehesabu usiku waliokaa gizani, wamelalamika redioni, wamechangishana fedha za kununua jenereta, na wengine wamethubutu hata kusema kwamba shirika la umeme lapaswa kuwa na umeme, bila kutambua kwamba walichokidhania kuwa upungufu kilikuwa mpango mpana wa kulinda uhai wa betri za kompyuta zao. Mpango huo umetekelezwa kimyakimya, bila semina wala mabango, jambo la nadra katika nchi ambayo hata kisima kimoja cha maji hakizinduliwi pasipo hotuba tatu.

Ili pongezi hizi zisidhaniwe kuwa maneno ya kujipendekeza, inafaa msingi wake wa kisayansi uelezwe. Betri ya lithiamu-ayoni, ambayo Sony ilikuwa ya kwanza kuiuza mwaka 1991 na ambayo iliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, hufanya kazi kwa kusafirisha chembe za lithiamu zenye chaji kati ya ncha mbili: wakati wa kuchaji chembe hizo huelekea kwenye ncha ya grafaiti, na wakati wa matumizi hurudi kwenye ncha ya pili, ambayo katika kompyuta nyingi za mkononi imetengenezwa kwa oksidi yenye kobalti. Kila safari ya kwenda na kurudi, ambayo wataalamu huiita mzunguko, huacha uchakavu kidogo, lakini mizunguko si adui pekee, kwa maana betri huzeeka hata ikiwa imelala kabatini, na huzeeka upesi zaidi inapokaa imejaa pomoni mahali penye joto. Kwa mujibu wa majedwali yanayotumiwa sana na mafundi, betri iliyohifadhiwa mwaka mzima ikiwa imejaa katika joto la nyuzi 25 hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake, ilhali ile iliyowekwa ikiwa na chaji ya asilimia 40 tu hubaki na asilimia 96. Joto likifika nyuzi 40, hesabu hizo hushuka hadi asilimia 65 kwa ile iliyojaa na 85 kwa ile nyingine.

Kutokana na elimu hiyo, watengenezaji wakubwa kama Lenovo, Dell, HP na ASUS wameweka katika mashine zao kikomo cha kuchaji, yaani mpangilio unaoizuia betri isipite asilimia 80 au kiwango kingine kilichochaguliwa hata kama waya umechomekwa ukutani mchana kutwa. Kikomo hicho husimamiwa na fimwea, nayo ni programu iliyoandikwa ndani ya vipande vidogo vya kumbukumbu kwenye ubao mkuu wa kompyuta, inayoamka kabla ya mfumo wa uendeshaji kama Windows au Linux, na inayoamua mambo ya chini kabisa: feni izunguke lini, betri ipokee volti ngapi, na diski ipi isomwe kwanza. Wahandisi wametumia miaka kuiandika, kuijaribu na kuisahihisha. Shirika, kwa upande wake, limefikia matokeo yaleyale bila kuandika hata mstari mmoja wa programu, kwa sababu lilitambua mapema kwamba njia fupi ya kuizuia betri isijae ni kuuondoa umeme wenyewe.

Utekelezaji wake mjini Uvira ni wa kupigiwa mfano. Betri ya mkazi wa Mulongwe, Kimanga, Songo au Kasenga inapokaribia kiwango ambacho kemia yake ingeanza kuumia, huingia delestaji, yaani ugawaji wa umeme kwa zamu kati ya mitaa, na betri huokolewa na hatari ya kushiba. Uzuri wa mpango huu ni kwamba haubagui: mwenye kompyuta mpya ya dola elfu moja na mwenye mtumba uliokwisha kuzeeka huko Ulaya kabla haujavuka bahari hupata ulinzi wa aina moja, tena bila kujaza fomu. Na kwa kuwa saa ya kukatika haijulikani mapema, mtumiaji hana nafasi ya kuuhujumu mpango kwa kuchaji kwa werevu. Sasa hata suala la bili za kukadiria, ambazo wateja wengi wasio na mita hutozwa kwa mkupuo uleule iwe taa ziliwaka au hazikuwaka, limepata ufafanuzi: ilidhaniwa kwamba fedha hizo ni malipo ya umeme, kumbe ni ada ya uhifadhi, na uhifadhi, kama kila mteja wa Uvira atakavyoshuhudia, haujawahi kukatika.

Wapo wakosoaji wanaoeneza maelezo mepesi. Wao husema kwamba umeme wa Uvira hutoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi karibu na Bukavu, kwamba bwawa la kwanza, Ruzizi I, lilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950 na uwezo wake ni megawati 30 hivi, kwamba la pili, Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989 chini ya shirika la pamoja la SINELAC, lina megawati 44 hivi ambazo Kongo hugawana na Rwanda na Burundi, na kwamba mitambo hiyo ya uzeeni husongwa mara kwa mara na chupa za plastiki na takataka nyingine zinazotupwa katika ziwa Kivu na kusukumwa na maji hadi kwenye turubaini. Hayo yote ni kweli, lakini hayatoshi kueleza jambo moja la ajabu: maji yaliyokwisha kuzungusha turubaini hizo hushuka bonde zima la Ruzizi, hupita usawa wa Luvungi na Sange, na kumiminika katika ziwa Tanganyika mlangoni mwa Uvira, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, bila delestaji. Ikiwa maji yanafika na umeme wake haufiki, mtu mwenye akili timamu hawezi kusema kwamba ni bahati mbaya. Ni lazima kuna hekima inayouchuja njiani.

Lakini kilele cha mafanikio ya Shirika hakipo mjini. Kipo Rurambo, kwenye milima ya juu ya teritware ya Uvira, ambako baridi ya milimani huipa betri mazingira ambayo majedwali yaliyotajwa huyasifu, na ambako nguzo za Shirika hazijapanda kuyaharibu mazingira hayo. Uvira ina ulinzi wa vipindi. Rurambo ina ulinzi kamili. Mwalimu au muuguzi wa huko anayemiliki kompyuta hawezi, hata akikusudia, kuiacha betri yake ikiwa imejaa kwenye waya usiku kucha. Akitaka kuichaji hana budi kuiteremsha kwa miguu au kwa pikipiki hadi bondeni, kuisubirisha zamu kwenye kibanda cha kuchajia au kwenye sekretaria ya umma (hivyo huitwa maduka yanayochapa, kupiga fotokopi na kutoa barua kwa malipo), kisha kuirudisha mlimani ikiwa na chaji ambayo sehemu yake itatumika kuhakikisha kwamba imefika salama. Ni kweli kwamba wapo wakazi walioanza uasi wa jua, kwa kuezeka paneli ndogo juu ya bati na kuziunganisha na betri ya asidi kama ile ya gari pamoja na kigeuzi cha umeme, lakini ukungu wa milimani unashirikiana na Shirika kwa uaminifu, na kigeuzi cha bei nafuu hupoteza sehemu ya kile kidogo kilichovunwa, kwa hiyo uasi huo bado haujatishia mafanikio yaliyokwisha kupatikana.

Uaminifu wa kitaaluma unadai kasoro moja ya mpango itajwe. Betri ya lithiamu huumizwa na kujaa, lakini huumizwa vilevile na kukauka: ikiachwa kwenye sifuri kwa muda mrefu, volti ya kila seli huendelea kushuka polepole, na ikipita chini ya volti 2.5 hivi, saketi ya ulinzi hujifunga na kukataa chaja ya kawaida, na ikizidi kushuka, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka na kuhamia mahali pasipo pake. Wataalamu hupendekeza betri inayohifadhiwa iachwe na chaji karibu ya nusu. Shirika limetafsiri pendekezo hilo kwa ukarimu kupita kiasi, na kwa hiyo katika maduka ya mafundi wa simu na kompyuta mjini Uvira kuna betri nyingi zilizohifadhiwa hadi zikafa.

Baada ya shukrani hizo, barua hii inaleta ombi, nalo linahusu kusasisha fimwea. Fimwea, kama kazi yoyote ya binadamu, hutoka kiwandani na makosa, na watengenezaji hutoa matoleo mapya ya kuyarekebisha. Baadhi ya makosa hayo ni ya usalama: mwezi Desemba 2023 watafiti wa kampuni ya Binarly walitangaza kasoro walizoziita LogoFAIL, zilizokaa katika sehemu ya fimwea inayosoma picha ya nembo inayotokea kwenye kioo mashine inapowashwa, na zilizowahusu watengenezaji wengi kwa wakati mmoja, kiasi kwamba picha iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kumpa mvamizi nafasi ya kuingia kabla ya mfumo wa uendeshaji kuamka. Masasisho mengine yanaihusu betri yenyewe; kampuni ya HP, kwa mfano, iliwapelekea wenye baadhi ya kompyuta zake za kazi kipengele cha kusimamia afya ya betri kupitia masasisho ya aina hii. Faili lenyewe si kubwa, kwa kawaida ni megabaiti chache au makumi machache, na hata mwenye kifurushi kidogo cha intaneti anaweza kulipakua.

Ugumu uko kwenye kuliandika. Kusasisha fimwea maana yake ni kufuta maandishi ya zamani kwenye kipande cha kumbukumbu na kuandika mapya mahali pake, na katika dakika hizo chache kompyuta inakuwa haina kumbukumbu ya namna ya kuamka. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, na betri ikawa haina nguvu ya kushika zamu, mashine isiyo na akiba ya kujirekebisha hugeuka jiwe, yaani haiwaki tena mpaka fundi mwenye kifaa maalumu aandike upya kipande hicho kwa mkono. Ndiyo maana watengenezaji wengi wameiamuru fimwea ikatae kusasishwa mpaka masharti mawili yatimie, kwamba chaja imechomekwa na inapokea umeme, na kwamba betri ina chaji ya kutosha. Masharti hayo yaliandikwa na watu wa miji ambayo ukuta na umeme ni kitu kimoja. Kwa mkazi wa Rurambo yana matokeo ya pekee: betri yake inaweza kuwa na asilimia 90 aliyoipandisha mlimani kwa jasho, na mashine bado ikamwambia achomeke chaja.

Kwa mwenye kompyuta ya mtumba mjini, mambo yanajifunga kwa namna ya kupendeza zaidi. Betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo fimwea inakataa kusasishwa kwa sababu betri haifikii kiwango; akinunua betri nyingine ya kubahatisha, atahitaji kikomo cha kuchaji ili isife upesi kama ya kwanza; kikomo hicho kimo katika toleo jipya la fimwea; na toleo jipya linahitaji umeme usiokatika kwa robo saa, ambao ndio hasa Shirika limejitolea kumkinga nao. Wapo mafundi wanaojua kuipita ile amri ya kukataa na kulazimisha sasisho bila betri, na hapo kazi nzima inakabidhiwa kwa imani. Wanafunzi wanaoandika memwari zao za kumaliza masomo, wenye sekretaria za umma, na vituo vya afya vinavyoweka takwimu zao kwenye kompyuta moja iliyochakaa wote wamejifunza kuliacha lile tangazo dogo la sasisho lijitokeze na kuondolewa, lijitokeze na kuondolewa, na hivyo mashine zao zinaendelea kuishi na makosa ambayo dunia ilikwisha kuyasahihisha.

Inafaa pia Uongozi ukumbushwe kwamba kobalti iliyo ndani ya betri hizo ni mwenyeji wa nchi hii, kwa kuwa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa katika ukanda wa Kolwezi na Likasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikamilishwa njia ya umeme yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi kutoka Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, hadi Kolwezi, ikapita juu ya vijiji visivyo na idadi ambavyo havikupewa hata taa moja, ili migodi ipate nguvu. Kwa maneno mengine, kobalti ilipokuwa bado jiwe ardhini iliheshimiwa kwa umeme uliovuka nchi nzima. Ikishasafishwa ng'ambo, ikaingizwa kwenye betri, ikauzwa, ikatumika, ikauzwa tena na kurudi Uvira kama mtumba, inakuta kwamba heshima hiyo ilikuwa ya safari ya kwenda tu.

Mpango wa uhifadhi, kwa bahati mbaya, haukuishia kwenye kompyuta. Mtambo wa kusafisha maji wa shirika la maji, REGIDESO, mjini Uvira nao hutegemea umeme, na umeme ukikosekana bomba hukauka, na bomba likikauka watu huchota ziwani na mitoni. Mwaka 2015 jarida la PLoS Medicine lilichapisha utafiti uliolinganisha, siku kwa siku kati ya mwaka 2009 na 2014, kiasi cha maji kilichosukumwa mjini na idadi ya wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha matibabu ya kipindupindu cha Uvira. Siku moja bila maji ya bomba ilifuatiwa, katika siku 12 zilizofuata, na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu ikilinganishwa na siku ambayo maji yalisukumwa kwa kiwango bora, na watafiti walikadiria kwamba karibu robo ya waliolazwa wasingeugua kama maji yasingekatika. Betri iliyokufa hubadilishwa kwa dola thelathini au arobaini. Barua hii haikupata mahali pa kuiweka aya hii ambapo ingechekesha.

Ombi lenyewe ni dogo. Shirika linaombwa litenge, kwa kila mtaa wa Uvira, nusu saa moja kwa mwezi ambayo haitakatwa, itangazwe redioni siku tatu kabla, na iitwe Nusu Saa ya Fimwea, ili wenye kompyuta wajipange foleni, waandike maandishi mapya kwenye mashine zao, kisha wairudishe mitaa yao chini ya uhifadhi wa kawaida. Iwapo nusu saa ni nyingi, robo itapokelewa kwa shukrani. Kuhusu Rurambo, ambako haiwezekani kuacha kukata kile kisichokuwapo, inapendekezwa Shirika lisimike nguzo moja tu, bila waya, kama mnara wa kumbukumbu ya mahali pa kwanza nchini ambapo hakuna betri iliyowahi kujazwa kupita kiasi kwa kosa la Serikali. Na kama siku moja waya utafuata, wakazi watajitahidi kuvumilia madhara yake.

Uongozi unashauriwa pia ufanye haraka, kwa sababu sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilikwisha kuondoa ukiritimba na kufungua soko la umeme kwa wengine, na haiko mbali siku ambapo mjasiriamali asiyejali betri za watu atajenga bwawa dogo kwenye mmojawapo wa mito inayoporomoka kutoka milimani na kuuza umeme unaowaka saa zote ishirini na nne. Kazi ya nusu karne itakuwa imebomolewa kwa swichi moja.

Jibu linaombwa kwa karatasi, lililopigwa muhuri. Barua pepe itapokelewa pia, lakini tarehe ya kusomwa kwake itategemea mtumaji wa barua hiyo na mpokeaji wake kuwa na umeme siku moja.

Pamoja na heshima zote anazostahili mhifadhi.

Nakala kwa taarifa:

SINELAC, Bukavu, pamoja na ombi la kuwasalimu waokota chupa wa turubaini;

REGIDESO, Uvira;

Wauzaji wa jenereta na mafuta wa Uvira, ambao wanaombwa radhi mapema endapo ombi hili litakubaliwa.